Gogo Mapajani mwa Mama

Harufu ya freni zinazoungua imejaa garini, na mume wangu anaongeza sauti ya redio. Natamani kuing'oa.

Nilipokuwa mtoto, papa naye alifanya hivyohivyo kila gurudumu lilipolia.

"Plakete za freni ziliisha, papa," mama alimwambia. "Sasa iko chuma juu ya chuma."

"Acha, mama. Ingali inashika."

Mama alipanda gari na kipande cha gogo mapajani. Kwenye mteremko wa kivuko gari ikakataa kusimama. Mama akaruka na kitenge chake, akakisukuma kile kipande chini ya gurudumu, akaanguka matopeni. Matairi ya mbele yalikuwa tayari majini.

Papa akatugeukia sisi watoto kwenye kiti cha nyuma, redio ikiimba.

"Munaona? Imesimama."