Kafara Kabla ya Safari

Nahashon Ombati alikuwa ameendesha lori la majani chai katika milima ya Nyamira kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda wote huo tairi kwake lilikuwa ni meno. Tairi lenye meno marefu hupanda mlima wakati wa mvua; tairi kipara hulala mtaroni pamoja na dereva wake. Falsafa hiyo ilimtosha kabisa hadi mwezi Machi mwaka 2014, alipomwachia mdogo wake Justus usukani wa lori, akapanda ndege kwenda Riyadh kuwa dereva wa familia.

Mkataba ulitaka ajaribiwe kwa siku tisini. Zikiisha salama, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, Abu Fahd, angemkatia ikama, kibali cha kuishi na kufanya kazi nchini. Zikiisha vibaya, angemkatia tikiti ya kurudi alikotoka. Nahashon alizihesabu siku hizo kwa kuchora vijistari ukutani, nyuma ya mlango wa chumba chake kando ya lango, mahali ambapo madam, mke wa Abu Fahd, hangeona.

Kiarabu alikuwa amekipata kwa kasi iliyomshangaza mwenyewe. Aligundua kwamba sabuni ni sabuni, kwamba kahawa ni gahwa, na kwamba kitabu ni kitabu bila kuongezwa wala kupunguzwa; akahitimisha kuwa Kiarabu ni Kiswahili kilichopata mafua. Hitimisho hilo alimtangazia Emmaculate, mwanamke wa Vihiga aliyekuwa katika mwaka wake wa nne wa kazi za ndani katika nyumba hiyo, naye ndiye aliyekuwa akimpa Nahashon sahani yake ya chakula kwenye mlango wa jikoni.

"Endelea hivyo hivyo, Baba Kerubo," Emmaculate alimjibu. "Hayo mafua iko siku yatakushika wewe."

Siku ya themanini na tatu, ambayo ilikuwa Jumapili, simu ya ukutani iliyounganisha nyumba na chumba cha dereva ililia, na sauti ya madam ikapaa:

"Ya Nahashon! Lazim kafarat gabl as-safar!"

Hapa ni haki tumtetee kidogo. Aliipima sentensi hiyo neno kwa neno, kama apimaye dawa. Lazim ni lazima. Gabl ni kabla. Safar ni safari, na kweli Alhamisi familia ilikuwa iende Jeddah kwenye arusi ya mdogo wake madam, mwendo wa kilomita karibu elfu moja jangwani. Na kafarat? Nahashon alikuwa shemasi wa Kisabato. Neno kafara alilijua tangu akiwa mtoto wa shule ya Sabato. Lazima kafara kabla ya safari! Hapakubaki neno la kuulizia. Alishangaa tu kwamba watu wenye gari jipya namna ile bado walihitaji kumwaga damu ili wafike salama.

Jioni, Nahashon akimrudisha Abu Fahd kutoka kazini, bosi alilianzisha jambo lile mwenyewe.

"Madam amekuambia habari ya kafarat?"

"Ameniambia, bosi."

"Nne," alisema Abu Fahd, akiinua vidole. "Pitia aina tatu kwanza, ulinganishe, uniletee picha. Joto la njiani ni kali. Sitaki uzee, sitaki urahisi. Kazi hii naiacha mikononi mwako. Nataka nione akili yako."

Nne! Nahashon alipiga hesabu: bosi, madam, mtoto Fahd na dada yake mchanga Lulwa. Kila abiria na kondoo wake. Dereva yeye hakuwekewa hata kuku, na hilo lilimchoma kidogo. Lakini kazi ni kazi.

Jumatatu asubuhi alikwenda soko la mifugo nje ya mji. Huko alimpata mchungaji wa Kisudani, mtu mrefu mwenye subira, aliyemwona Nahashon akivutiwa na dume moja lenye pembe zilizojiviringa kama kilemba.

"Usinunue pembe," Msudani alimwambia, akaufunua mdomo wa dume lile kwa kidole gumba. "Pembe ni mapambo. Mtu hununua umri. Tazama hapa. Huyu ni mzee, ila amevaa vizuri."

Nahashon alitazama, akaandika. Akachagua madume matatu, akayapiga picha moja moja, na kwa kila moja akaongeza maelezo katika Kiarabu chake cha siku themanini na nne: Namba moja, umri miaka miwili, miguu imara. Namba mbili, mkubwa sana, lakini akisimama juani anahema. Namba tatu, mtulivu, amezoea joto, sauti yake ndogo. Akazituma kwa bosi, akangoja sifa.

Jibu lilichukua nusu saa. "Ni yupi anayeingia kwenye gari?"

Nahashon alilifikiri swali hilo kwa uangalifu. "Wote wanaingia, bosi," aliandika, "tukikunja viti vya nyuma."

Abu Fahd aliporudi nyumbani hakupaza sauti, na hapo ndipo Nahashon alipoingiwa na hofu. Alimshika mkono, akamzungusha kando ya gari taratibu. Alipofika gurudumu la kwanza aliligonga kwa ncha ya kiatu. "Kafar," alisema. Akaenda la pili. "Kafar." La tatu. "Kafar." Katika la nne alisimama. "Arba'a kafarat. Tairi, Nahashon. Matairi."

Nahashon alitazama chini. Matairi yale yalikuwa na nyufa ndogo ndogo ubavuni, kama nyayo za mkulima.

"Alhamisi naweka mke wangu na wanangu wawili ndani ya gari hili," Abu Fahd aliendelea. "Dereva asiyeweza kutenga tairi na kondoo, nimkatie ikama au tikiti? Nijibu wewe. Una siku mbili."

Kwenye mlango wa jikoni, Emmaculate alicheka hadi akajishikilia kwenye fremu ya mlango.

"Kwani ulitaka kuchinja gari, Baba Kerubo?"

"Dada, neno lilikuwa ni lile lile!"

"Lile lile wapi! Hata kafili na kafiri yanakaribiana. Hebu siku moja umwite bosi hilo la pili, uone kama utangoja tikiti."

"Cheka, ukimaliza unisaidie. Wakinirudisha, Justus ndiye mwenye lori. Nitarudi kuendesha nini, mkokoteni?"

Emmaculate alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Huruma ilikuwa imeanza kumwingia. "Mimi tairi sizijui, mimi najua wali wao wa kabsa na mwiko wake. Nenda ukaulize wanaozijua. Lakini safari hii uliza mara mbili, hata ukiambiwa jina lako."

Jumanne alianzia soko la Batha, akanunua kipimo cha upepo wa matairi cha bei nafuu, kisha akashuka hadi kwenye mtaa wa maduka ya matairi. Katika duka la tatu alimkuta mzee wa Kihadhrami aitwaye Awadh, aliyeketi juu ya rundo la matairi kama mfalme. Mzee alimsikia Nahashon akinung'unika peke yake kwa Kiswahili, akashuka.

"Aa! Mimi nimekulia Mombasa, bwana. Wewe watoka wapi?"

"Nyamira, mzee."

"Bara kabisa huko. Basi najua utakalo. Wataka lile pale."

Alionyesha tairi lenye meno makubwa kama ngazi, na ni kweli moyo wa Nahashon ulikuwa umekwisha kuliegemea. Alilipapasa meno yake kwa mapenzi.

"Hili ndilo tairi, mzee. Hili halitelezi."

"Liteleze wapi? Meno ni ya kutafuna matope, mwanangu. Huku utatafuna nini, lami iliyokwisha pikwa?" Mzee Awadh alicheka mwenyewe. "Jino refu kwenye lami ya moto hutikisika, likitikisika huchemka. Utakwenda ukiimbiwa tangu Riyadh, na katikati ya safari wimbo ukatike kwa kishindo."

Nahashon aliliacha tairi lile kwa shingo upande. La pili lilikuwa laini na jembamba ubavuni. Mzee alimwonyesha herufi zilizochorwa pembeni, na miongoni mwao herufi ya kustahimili joto: B. "Hili ni la muungwana, kwa barabara za mjini na nchi za ukungu. Litafika Jeddah, lakini litafika limechoka. Nawe una mizigo na watoto." La tatu halikuwa na uzuri wowote: mifereji mifupi iliyonyooka, mabega manene, sura ya karani wa serikali. Herufi yake ya joto ilikuwa A, na namba ya uzito ilizidi ya mengine yote mawili.

Nahashon alikumbuka ule mdomo uliofunuliwa sokoni, akapiga magoti. "Mzee, hili lina umri gani?"

Awadh alimtazama upya. "Nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

"Mchungaji wa kondoo."

"Basi alikuwa mwalimu." Akamwonyesha namba nne ndani ya kijiduara: 0814. "Wiki ya nane, mwaka huu. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na huku huzeeka upesi. Usimsikilize muuzaji, hata mimi. Isome hii."

Aliuliza mara ya pili, kama alivyoagizwa, na jibu lilikuwa lile lile. Alirudi na picha tatu za matairi, na moyo uliotulia. Utulivu huo ulidumu hadi langoni. Uani yalikuwa yamepangwa matairi manne makubwa, meusi ya kung'aa, yenye maandishi meupe ubavuni. Abu Fahd alikuwa akiyazunguka kwa furaha, akiwa na mwanawe Fahd mkononi.

"Umechelewa, Nahashon! Rafiki yangu ana duka, ameniletea haya kwa bei ya udugu. Kesho yafungwe. Mazuri, au siyo?"

Siku ya themanini na tano, saa kumi na moja jioni, Nahashon Ombati alisimama mbele ya kafili wake na kuona njia mbili. Angeweza kusema "mazuri, bosi", nalo ndilo neno la Kiarabu alilolijua vizuri kuliko yote. Baada ya kisa cha kondoo, nani angetazamia maoni yake? Kumpinga bosi ni jambo moja. Kumpinga pamoja na rafiki yake ni kujikatia tikiti kwa mkono wako. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kupiga magoti. Alipangusa mng'ao wa mafuta kwa kidole, akatafuta kijiduara, akakipata.

2409.

"Bosi," alisema, akitafuta kila neno kwenye Kiarabu chake na kuliuliza mara mbili moyoni kabla ya kulitoa, "Fahd ana miaka mingapi?"

"Minne. Kwa nini?"

"Tairi hili lina mitano. Ni kaka yake Fahd."

Emmaculate, aliyekuwa akianika nguo za watoto, aliacha shati hewani bila kibanio. Abu Fahd alimtua mwanawe chini, akainama, akasoma namba ile. Akalizunguka la pili, la tatu, na la nne. Yote yalikuwa ya wiki moja, mapacha wanne. Kisha akamsimamisha Fahd kando ya tairi, akamwambia, "Fahd, msalimie kaka yako," na mtoto akalipa tairi mkono kwa adabu. Hapo Abu Fahd akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Na wewe umechagua lipi?"

Nahashon alimwonyesha picha ya lile lenye sura ya karani.

"Baya," alisema Abu Fahd.

"Baya sana, bosi. Lakini ni changa, na lina A ya joto."

"Halas, basi. Mrudishie rafiki yangu yake. Salamu nitampa mimi mwenyewe, si wewe."

Waliondoka Riyadh Alhamisi baada ya sala ya alfajiri, matairi ya mzee Awadh yakiwa yamefungwa jana yake, upepo ukiwa umepimwa matairi yakiwa baridi. Kufikia saa nne lami ilikuwa ikimeremeta kama maji, na pembezoni mwa barabara vipande vya matairi ya wengine vilikuwa vimetapakaa kama magamba ya nyoka. Kila kituo cha mafuta Nahashon alishuka na kuweka kiganja juu ya tairi moja moja, mbele hadi nyuma, kama mama anayepapasa mapaji ya nyuso za watoto wenye homa. Madam alipiga kelele za "yalla, yalla", akidai kwamba wangefika arusi ikiwa imefikia talaka. Emmaculate, aliyempakata Lulwa kiti cha nyuma, aliendelea kumpepea mtoto. Walipopita mji ambao kibao chake kiliandikwa Zalim, Nahashon alianza kulifasiri jina hilo kuwa dhalimu, akajizuia.

Katika kituo cha nne, kabla Nahashon hajafungua mlango, bosi alitangulia kushuka, akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya tairi la mbele, akakiacha hapo kitambo, kisha akarudi garini. "Ni vuguvugu tu," alimwambia mkewe. "Mwache afanye kazi yake."

Waliingia Jeddah jua likiwa bado juu ya bahari, matairi yote manne mazima. Kwenye lango la wakwe Abu Fahd alimpa Nahashon mapumziko hadi kesho yake jioni, na kabla hajaingia ndani aligeuka.

"Piga picha nne. Nyuma kuwe na ukuta mweupe. Ni za ikama."

Studio aliipata mtaa wa Bani Malik asubuhi iliyofuata, ghorofa ya kwanza juu ya duka la simu. Mpiga picha alimkataa mara tatu, kwa sababu kila kamera ilipolia Nahashon alikuwa akitabasamu, na ofisi haikutaka tabasamu. "Funga mdomo! Fikiria jambo zito!" Mwishowe aliyauma mashavu yake kwa ndani, akatoka na uso wa mtu aliyefiwa na shamba zima. Nne alizitia kwenye bahasha. Ya tano aliipiga picha kwa simu, akamtumia mkewe Truphena bila maneno, maana alitaka habari hiyo ijieleze yenyewe.

Simu ililia papo hapo.

"Baba Kerubo! Mbona umenuna hivyo? Wamekufukuza?"

"La, Truphena," alisema Nahashon, akitabasamu sasa kwa uhuru wote katikati ya ngazi za Bani Malik. "Wameniajiri. Huo ndio uso wanaoutaka."