Somo Ambalo Bi Ashatu Hakulikubali

Sihaba Salumu alikuwa mwalimu wa darasa la saba Bagamoyo, miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Mwaka ule aliwasomea wanafunzi hadithi fupi ya enzi za Mwingereza. Mama mweusi anamfuata shuleni mwanawe mweupe. Wenzake wanamuuliza huyu nani, naye anajibu, "Mtumishi wetu." Hadithi inaishia hapo.

Darasa liliwaka. Muhidini, mtoto wa seremala, alisema angekuwa yeye yule mama, angemzaba kibao palepale.

Sihaba akawaacha wamalize hasira zao. Kisha akawaeleza jinsi serikali ile ilivyowagawa watu: shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mwisho kabisa. Wakati wa vita hata mgawo wa chakula ulifuata rangi. Mama wa yule kijana angejulikana, kijana angepoteza nafasi yake.

"Kwa hiyo hakukosa, mwalimu?"

"Alikosa, Muhidini. Lakini kosa lile hakulianzisha yeye."

Sihaba alitoka darasani ameridhika, kwa kuwa jambo lile lilikuwa limetokea kwao pia. Baba yake, marehemu Mzee Salumu, alikuwa wa ukoo wa Kiarabu wa mjini. Mama yake, Bi Ashatu, mkulima wa kijiji cha Zinga. Kaka yake Mikidadi alichukua rangi ya baba, akaandikishwa Mwarabu na kupelekwa Dar es Salaam, kwenye shule isiyopokea Waafrika. Sihaba, aliyemfuata mama, alisoma na Waafrika wenzake. Siku moja Bi Ashatu alimpelekea mwanawe kapu la mikate ya kumimina, naye Mikidadi akawaambia wenzake ni mpishi wa nyumbani kwao. Miaka mingi baadaye Mikidadi mwenyewe alimsimulia Sihaba kisa hicho huku akicheka.

Alasiri ile Bi Ashatu alikuwa akipeta mchele. Sihaba akakaa karibu naye, akamweleza somo lote. Ungo ukatulia.

"Umemtafutia sababu," Bi Ashatu akasema.

"Simtetei, mama. Ni historia tu."

"Nimesikia. Mwingereza, shule, mgawo. Yote hayo umemtafutia yeye. Mimi umenitafutia nini?"

Sihaba akainama kuokota punje zilizodondoka.

"Huyo mama wa kitabuni, alirudije kwao?" Bi Ashatu akauliza.

"Hawakuandika."

"Mimi nilirudi juu ya magunia ya chumvi, ndani ya lori. Nikamwambia baba yako mtoto yuko kwenye mtihani, hakuweza kutoka. Nikaisifu na shule yenyewe." Akauinua ungo, akaendelea kupeta.

Sikukuu ilipofika Mikidadi akaja. Alikuwa bwana mkubwa wa shirika la umma sasa, na gari lake, na kila mtu alimwita ndugu. "Shikamoo mama," akasema, akapokea marahaba yake, akakaa kwenye mkeka. Kabla hajamaliza sahani ya kwanza alikuwa akihubiri.

"Sisi Waafrika tujivunie asili yetu. Mimi kule ofisini sifichi, nawaambia kwetu ni Zinga."

"Hiyo asili umeipata lini, kaka?" Sihaba akauliza.

Mikidadi akaacha kutafuna. "Nyinyi mlikaa huku, hamjui kule tuliishije. Ulikuwa wakati wa mkoloni. Ningejulikana, ningefukuzwa. Kosa lile sikulianzisha mimi."

Sihaba aliyasikia maneno yake mwenyewe ya darasani yakitoka katika kinywa kilichojaa wali. Yalikuwa kweli, kila moja. Hata hivyo alitaka kuyakanusha, asijue aanzie wapi, maana watoto thelathini na kitu walikuwa wameyaandika kwenye madaftari yao.

"Sihaba," Bi Ashatu akaita kutoka uani, kwa sauti yake ya siku zote, "mwongeze kaka yako mchuzi."

Akamwongeza. Mikidadi alikula akashiba, akasifu mapishi, akaaga. Bi Ashatu hakuja kula nao. Alibaki jikoni, huko uani, kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mpaka gari la mwanawe lilipoondoka.