Siku Tatu za Kiti cha Masjala

Mimi ni mtu wa haraka. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa mkunga hajavua hata koti, na tangu siku hiyo sijapoa. Mtu akinisimulia jambo namkatiza ili afike mwisho. Chai nainywa nimesimama. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya kutunza kumbukumbu kwenye kituo cha afya kimoja huku juu, miteremko ya Mlima Meru, nikamkuta mama mmoja anamuuliza mgonjwa habari za migomba yake kabla ya kumtolea faili, niliona hapa nitaugua mimi.

Masjala yetu ni chumba kimoja chenye dirisha la kuhudumia watu. Huyo mama alikuwa amekaa nyuma ya dirisha lile kwa miaka mingi, kituo kimepakwa rangi mara nne yupo tu. Mgonjwa akifika, kwanza salamu: shikamoo, marahaba, mmeamkaje, mjukuu kikohozi kimepungua, kahawa imeshika maua? Kisha ndipo anauliza, kwa Kimeru, mtu anatokea njia ipi. Mafaili yote aliyafunga mafungu kwa kufuata vijia vya miguu vinavyoshuka kutoka migombani, kila kijia fungu lake na kitambaa chake. Njia ya kisimani ilikuwa kitambaa cha buluu. Njia ya mzinga wa nyuki, njano. Ukimtajia njia anavuta fungu, analamba kidole, anakutolea faili.

Mimi ni Mmeru wa karatasi. Baba yangu alishuka mjini akiwa kijana, nikazaliwa na kukulia Engutoto, na Kimeru changu ni cha kusikia tu. Ukiniuliza nitakujibu kwa Kiswahili. Huku mlimani wakaniona mtu wa mjini, na mjini nilikuwa nikiitwa mtu wa mlimani. Nilipanga chumba karibu na kituo, chumba kizuri, kina dirisha linalotazama shamba la kahawa la watu. Jioni nilikuwa nakaa pale nasikiliza mwenye nyumba anavyoongea na ng'ombe wake. Kuna siku nilimwonea wivu ng'ombe, sioni aibu kulisema.

Kazini saa nne ni chai. Wenzangu walikuwa wanakaa kwenye benchi moja refu ndani ya masjala, wanacheka, na mimi nikiingia kicheko kinapungua kama redio iliyoguswa kitufe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yule mama peke yake ndiye aliyekuwa ananisogezea kikombe. Ananiambia, "Kaa kwanza, mwanangu. Mafaili hayana miguu." Nakaa dakika mbili, nanyanyuka. Laiti ningekaa.

Mwaka wa pili nikapelekwa semina mjini, ya kuboresha utendaji kazi. Mkufunzi alitufundisha maneno matano, yote yanaanza na S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mimi nikaangukia kwenye lile la kwanza. Kusasambua ni kupita ofisini na kutenga kinachohitajika na kisichohitajika. Kisichohitajika unakitundikia lebo nyekundu, unakiacha hapo hapo siku tatu. Asipotokea mtu wa kukitetea, kinaondoka. Moyo wangu ulifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wake. Kumbe ugonjwa wangu una jina, na una cheti.

Nilirudi na bunda la lebo. Kwenye kikao cha wafanyakazi nikawasomea ile kanuni ya siku tatu, mara mbili, ili asije mtu kusema hakusikia. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani, anaitikia kwa kichwa kila neno. Hapo nilikuwa nimeshampima kwa saa ya simu wiki nzima bila kumwambia. Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko kazi yenyewe, na foleni ilikuwa inafika mpaka kwenye bomba la maji.

Siku ya kusasambua nilianza mapema. Benchi la chai, lebo. Meza iliyovunjika droo, lebo. Mizani mbovu, rafu, saa ya ukutani isiyotembea, lebo, lebo, lebo. Kila moja niliandika kwa kalamu nene: HAIHITAJIKI. Nikafika kwenye kiti cha mama. Kilikuwa kiti cha mbao, mguu mmoja mfupi, umeinuliwa kwa kipande cha kadibodi. Naomba lieleweke kwamba nilikuwa nimeshamwombea kiti kipya, cha kuzunguka, chenye mto, kwa sababu mgongo ulikuwa unamtesa. Kile cha zamani kilikuwa kinaondoka ili kingine kije.

Sasa sisi watu wa huku ngeli zinatusumbua. Tunasema kiti yangu, kitabu hii, na maisha yanaendelea. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Nikaanza kuandika HAI, nikakumbuka kwamba kiti si cha ngeli ya meza, nikaikata ile I, nikaendelea. KI sikuiweka. Ikatoka HAHITAJIKI. Nikaitundika kwenye mgongo wa kiti, nikapiga picha za kumtumia mkufunzi, nikaenda kufagia.

Herufi mbili tu. Lakini kiti ndicho ambacho hakihitajiki. Hahitajiki ni mtu.

Na mama huyo hakuwa mtu wa kupitwa na herufi. Darasa la saba lake lilikuwa la wakati mwalimu anachapa kwa kosa la ngeli, na barua zote za kituo zilikuwa zinapita kwake kabla ya kugongwa muhuri. Alifika asubuhi, akaweka mkoba, akasimama nyuma ya kiti muda kidogo. Kisha akakaa. Alikaa siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, lebo nyekundu inaning'inia mgongoni kwake, yeye anasalimia watu dirishani. Wauguzi waliingia na kutoka. Mtu wa maabara aliingia. Mganga mfawidhi, ndiye mkuu wetu, aliingia kutafuta stepla, akaipata, akatoka.

Siku ya nne akaja na barua ya likizo. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na likizo alikuwa nazo za kulimbikiza. Akaniwekea ufunguo wa masjala mezani, akachukua kikombe chake.

"Siku tatu zimeisha, mwanangu," akaniambia. "Hakutokea mtu."

Sauti haikuwa ya hasira. Ningepona kama ingekuwa ya hasira. Muuguzi mmoja aliyekuwa mlangoni akaisogelea lebo, akaisoma kwa sauti, akanigeukia akaniuliza, "We, hapa uliandika nini?" Kabla ya saa nne kituo kizima kilikuwa kinajua. Wote waliokuwa wamepita mbele ya ile lebo siku tatu wakawa wanaitamka kama wameiona asubuhi hiyo. Benchi lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo kila mtu alienda kunywa chai chumbani kwake. Mimi nilikunywa yangu masjala, nimesimama, peke yangu.

Nikajiambia basi, kazi itasema. Nikafungua vitambaa vyote, nikapanga mafaili kwa alfabeti kama semina ilivyoelekeza. Jamani. Mmeru mzima, hata kama ni wa karatasi, nilipaswa kujua. Majina ya koo zetu ni machache, nusu ya mlima inaitwa kwa majina yale yale, na watoto tunawapa majina ya babu zao. Herufi moja ikajaza rafu tatu. Herufi nyingine hazikupata hata faili moja, rafu tupu, safi, nzuri, zina lebo zake zimeandikwa kwa mwandiko wa kuchora. Mzee mmoja wa presha alisubiri kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika kwenye redio ya mtu, nikiwa nimeshika mafaili kumi na moja yenye majina yake yote matatu. Akaniuliza kwa upole, "Yule mama amehamishiwa wapi? Yeye anajua njia yangu." Nikamjibu vibaya. Kisha nikafunga dirisha nikalia, na foleni ikanisubiri nilie.

Mganga mfawidhi aliniita. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda kwake. Kamwombe."

Nilienda Jumamosi mchana, nimebeba sukari na mkate. Nilikwenda kuomba mambo mawili: anipangie mafaili, na anisamehe. La pili ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, maana hapo mlimani nilikuwa na mtu mmoja tu anayeniita mwanangu, na nilikuwa nimemtundikia lebo. Kijia cha kwake ni kikali, unapanda huku umeshika migomba. Nilifika nahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa. Akaniletea loshoro kwenye bakuli, kile chakula chetu cha mahindi na maziwa, kwake kina na ndizi, na akaningoja nile mpaka mwisho. Hakuna mtu aliyewahi kuningoja nile hivyo tangu mama yangu afariki. Kisha akasema, "Toa daftari." Akaanza kunitajia njia moja moja, kuanzia juu msituni, nani anakaa wapi, nani amemuoa wa njia gani, nani amehama lakini faili bado linakaa njia ya baba yake. Aliongea mpaka kivuli cha nyumba kikafika zizini. Sikumkatiza hata mara moja. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu.

Nilipofunga daftari nikasema, "Mama, ile lebo. Ilikosekana ki."

"Najua."

"Nilimaanisha kiti."

"Najua, mwanangu. Kosa la kalamu nalijua nikiliona, nimesahihisha mengi." Akakung'uta kitu kisichoonekana kwenye kitenge chake. "Nilikikalia siku tatu nasubiri mmoja wenu aiongeze hiyo ki. Wale wengine wamepita, wamesoma, nimewaona. Pale kituoni nimekaa nao miaka, sirudi kwao. Nataka kujua wewe tu. Uliiona lini?"

Jogoo alikuwa anaparura pale uani. Nilimtazama yule jogoo.

"Siku uliyoondoka," nikasema. "Muuguzi alipoisoma."

Alishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Basi," akasema. "Hukuiona. Nami nilikuwa nakuwekea kinyongo moyoni bure. Yameisha." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisindikiza mpaka chini kabisa kwenye daraja la magogo, ananionyesha njiani nyumba alizonitajia, hii ni ya yule, ile ni ya yule.

Masjala sasa imenyooka. Rafu zimepakwa rangi za vitambaa vyake, kila njia na rangi yake na namba, na mgonjwa akitaja njia faili linatoka hajamaliza kuegemea dirisha. Wageni wanakuja kutoka vituo vingine kuangalia, mpaka kutoka mjini, wanapiga picha. Nikiwaambia kwamba ni akili ya mama mmoja aliyestaafu wanaandika, lakini jina linalopelekwa juu ni langu. Kiti kipya cha kuzunguka nakikalia mimi. Kina mto mzuri sana.

Lebo niliiona siku ile ile niliyoitundika. Ilikuwa jioni, natazama picha kabla ya kumtumia mkufunzi, nikaisoma, nikaona ki haipo. Kalamu ilikuwa mfukoni. Nikasema ah, herufi mbili, nani atasoma, picha nimeshapiga. Kesho yake nikamkuta ameshakaa, nikaona aibu kumwinua. Siku ya tatu nilikaa chumba kimoja naye kwa saa nane nzima, nasikia lebo inagonga mbao kila akiinama kuvuta fungu, nikajiambia akienda chooni nitaibandua. Akaenda, akarudi, nikiwa bado najipanga.

Siku hizi anakuja kliniki kupima sukari. Anapanga foleni kama wengine, hataki kupitishwa mbele. Akifika dirishani namwamkia, ananiitikia, ananiita mwanangu, ananitajia njia yake. Kila mara nakuwa nimejiandaa kumwambia tangu alfajiri, nimelipanga neno kwa neno. Nafungua mdomo. Lakini mkono wangu umeshalitoa faili, yeye ameshalipokea, ameshasogea, na mtu wa nyuma yake tayari ananitajia njia.