Udi wa Ijumaa

Namshukuru Mola aliyeweka utulivu ndani ya majani, akaniruhusu nisome hadi uzeeni hapa Guangzhou.

Maabarani tuliwapa panya dawa tuliyoikamua kwenye majani, kisha tukawaweka juu ya njia panda iliyoinuliwa, yenye pande za kuta na pande za wazi. Panya aliyetulia hutoka kwenda kwenye uwazi. Mwenye hofu hujibanza ukutani. Panya wa mwenzangu, binti Mkongomani, walitembea kwenye uwazi kwa mchaichai wake. Wangu, niliowapa mrehani wa bibi yangu, walijibanza. Nilimwonea wivu hata salamu yake ikawa inanichoma.

Zamu yangu ilikuwa Ijumaa alasiri, nikitoka msikitini na nguo zangu zimefukizwa udi. Siku moja akacheka, "Papa, unawapima panya ao unawaoza? Udi huo hata mimi unanitisha!"

Ijumaa iliyofuata nilioga upya, nikabadili nguo. Panya wa kwanza alinusanusa, akatoka polepole hadi ukingoni. Binti alitabasamu kabla yangu, na wivu ukaniuma tena, kwa kuwa furaha yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Msomaji, Mola akujalie moyo unaofurahia heri ya mwenzako.