Sihaba Aitwa Jukwaani Mahege

Sihaba, fundi cherehani wa Ikwiriri na mzaliwa wa nyumba ya Kiislamu kijijini Mahege, alifikisha miaka thelathini na minne bila kukanyaga kanisani. Kilichompeleka huko ni uji. Alijifungua mtoto asiye hai, akalazwa wiki tatu na mshono uliogoma kupona. Mumewe, mvuvi wa kamba kule Mbwera, alikuja mara mbili, halafu hakuonekana tena. Mama yake, Bi Mwanaharusi, alikuwa kwenye mavuno ya ufuta na habari zilichelewa kumfikia. Wanawake wawili wa kwaya, waliokuja kumtazama mgonjwa wa kitanda cha pili, waliona hana mtu. Kesho yake wakaja na chupa mbili za uji.

Siku anaruhusiwa, mmoja alimwambia, "Jumapili karibu kwetu, japo ukae tu usikilize."

Akaenda, akakaa. Mwaka uliofuata akabatizwa, akapewa jina la Naomi.

Mahege walijua upesi. Mjomba wake Mshamu alipiga simu kusema asikanyage tena nyumbani kwao. Lakini mama aliendelea kumpokea kwa mlango wa uani.

Ndipo mchungaji alipotangaza mkutano wa injili Mahege, na kutaka Naomi atoe ushuhuda.

"Mchungaji, mama yangu anaishi pale pale," alisema Sihaba.

"Ndiyo maana. Watakusikiliza wewe kuliko mimi."

Alimpa karatasi ya kusoma. Iliandikwa kwamba alizaliwa gizani, katika nyumba isiyo na upendo. Angekataaje? Waliomnywesha uji walikuwa benchi la mbele, wanamtazama kwa furaha. Wiki ile alishona mikono ya gauni nyuma mbele, akafumua, akarudia kosa lile lile.

Siku ya mkutano alipitia kwanza kwa mama. Walikuwa wanakula ugali wa muhogo na kisamvu, jua bado kali, spika zilipopaza sauti: "Dada Naomi, popote ulipo, fika jukwaani!"

Bi Mwanaharusi akaacha kula. "Naomi ndiye nani?"

"Ni mimi, mama."

Mama alinawa mkono taratibu. "Mimi nilikuita Sihaba."

"Bado ni Sihaba, mama."

"Haya, nenda, wanakuita. Usije kusema nilikuzuia."

"Na mjomba je?"

"Mshamu niachie mimi."

Uwanjani watu walisimama mbali, kwenye vivuli vya mikorosho, mjomba Mshamu akiwa katikati yao, amekunja mikono. Sihaba akashika kipaza sauti. Karatasi ilikuwa imelowa jasho.

"Mnanijua," alisema. "Mimi binti wa Mwanaharusi. Nilipougua niliuguzwa na watu nisiowajua, nikawafuata, na huko nimempenda Yesu. Hapa pameandikwa nyumba yetu haikuwa na upendo. Hilo sisomi. Si kweli."

Mchungaji alimpokonya kipaza sauti kwa upole, akaiashiria kwaya iimbe.

Kwenye gari la kurudi waliimba hadi Ikwiriri, na kiti cha pembeni yake kikabaki kitupu. Mahege nako, Mshamu alitia kufuli mlango wa uani, akamwambia dada yake binti huyo asionekane tena hapo.

Sihaba hakuacha kanisa. Hukaa nyuma, karibu na mlango. Hajaitwa tena kusema lolote. Mama humpigia simu Sihaba wakati mjomba yuko shambani, akinong'ona.

Mwezi uliopita alimuuliza, "Huko kwenu mnawaombea wagonjwa?"

"Tunawaombea."

"Basi niombee. Kuna uvimbe umenitoka shingoni. Lakini usimwambie mtu, mwanangu. Hata hao wenzio."

"Umekwenda hospitali?"

Simu ilikuwa imeshakatika. Sihaba mwenyewe haruhusiwi kupiga, maana Mshamu ndiye hupokea.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliuliza nani ana hitaji la kuombewa. Mikono ikanyooshwa huku na huku. Sihaba aliibana yake katikati ya magoti, akainamisha kichwa, akamtaja mama yake kimoyomoyo.