Kichwa cha Ndagala

Gunia lilikaa nyuma ya mlango wa jikoni mpaka matanga yalipoondolewa. Kwetu, kitu kilichomwangusha mtu hakifunguliwi kabla ya hapo. Ndani mlikuwa na shene, ule mnyororo wa pikipiki ya mume wangu, iliyofunguka akiwa kwenye njia ya Kiringye, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma na kumtupa chini. Hakuna aliyeligusa. Lakini mara nyingine, mchana kweupe, nikiwa nachambua mboga za lengalenga, shene ilijipanga upya humo ndani: kacha. Nililiambia gunia linyamaze. Mimi ni mkali hata kwa magunia.

Siku mbili baada ya matanga, mdogo wa marehemu alikuja na shene mpya na pinyo zake mbili, vile visahani vya meno vinavyoizungusha, ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma.

"Shemeji, weye ndiye unajuaka kazi hii," alisema. "Kesho minye niko naanza kubeba watu na pikipiki ya kaka."

Ni kweli. Mume wangu aliendesha, mimi nilifunga. Niling'oa pinyo kuukuu, meno yake yamelala upande mmoja, nikaweka mpya zote mbili, kwa maana shene mpya haidumu kwenye meno yaliyoisha. Nikaunganisha shene, nikavuta gurudumu nyuma mpaka ikabaki na mchezo, yaani ulegevu, wa vidole viwili. Kisha nikalizungusha kwa mkono.

Tik. Tik.

Ilikuwa sauti ileile niliyoisikia asubuhi ile mume wangu akiondoka. Niliachia, gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe, tik, tik, muda mrefu kuliko nilivyolisukuma. Niliogopa, nasema kweli, na jua lilikuwa la utosi.

Kinachofunga shene ni kibanio kidogo cha chuma, kichwa kizima, mkia umepasuka. Nyumbani tulikiita ndagala, kwa kufanana na dagaa wa ziwani. Shene ikizunguka, kichwa lazima kitangulie. Ukitangulia mkia, unagonga vitu na mwisho kibanio kinachomoka njiani. Kule Kasenga, kando ya ziwa, tulikoishi kwanza, lango letu lilielekea maji na pikipiki ililala ikiyaangalia, basi sheria yetu ilikuwa fupi: kichwa cha ndagala kiangalie ziwa. Halafu ziwa likapanda. Liliingia uani, likaingia jikoni, na asubuhi moja nilikuta samaki wadogo wanaogelea ndani ya sufuria yangu. Tukahamia huku juu, kwenye nyumba ambayo lango lake linatazama mlima, na pikipiki nayo ikawa inalala ikiangalia mlima.

Nilipiga magoti nitafute kinachogonga. Ndagala alikuwa anaangalia ziwa, mkia umetangulia. Mkono wangu ulikuwa umemweka hivyo wenyewe, bila kuniuliza.

Nikamwaga gunia. Shene ya zamani ilikuwa na kiungo kimoja wazi, na ndagala wake hayupo. Ile nayo niliifunga mimi, kwenye ua huuhuu, siku moja kabla ya safari ya Kiringye. Huko chini ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na niliona kama linanitazama mimi peke yangu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini kesho huyu naye alikuwa anapanda.

"Shemeji, ile shene ya kaka yako, ni minye niliifunga kinyume. Na hii pia nimeifunga hivyo hivyo."

Alikuwa anafuta tangi. Hakuinua kichwa.

"Aliiona," alisema. "Asubuhi ile tulikuwa naye hapa. Koleo ilikuwa chini ya kitanda, na weye uko unalala. Alisema hataki kukuamsha, atageuza akirudi."

Sikuwa usingizini. Nilikuwa nimejilaza macho wazi, nasikiliza ile tik ikishuka mtelemko mpaka ikapotea.

Nilichukua koleo, nikamgeuza ndagala, kichwa mlimani.