Jino Lililonivimbisha Uso

Leo nimemuuliza daktari wa meno, "Nitakufa?" Sikuwa natania.

Shavu lilianza kuniuma wiki iliyopita, nikasema ni mafua tu. Leo asubuhi nimeinama kuwasha jiko, maumivu yakapanda hadi nyuma ya jicho. Kujishika, uso umevimba.

Nikaliacha jiko, nikakimbilia kwa daktari wa meno.

Miaka ya sabini, hapa hapa Ushirombo, baba yangu mdogo alianza hivyo hivyo. Jino liliuma, shavu likavimba, kisha jicho likafunga. Watu wakasema karogwa. Jirani yetu, bibi mjane, akafukuzwa kijijini. Baba mdogo tukamzika kabla pamba haijavunwa.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu, akagonga jino nililotibiwa mzizi zamani. Nikaruka kitini.

"Ni hili, mayu," akasema, akiniita mama kwa lugha yetu. "Limeoza kwenye mzizi, usaha umepanda hadi kwenye mashimo ya hewa kando ya pua."

Ndipo nikamuuliza.

"Hapana, umewahi. Ila dawa usiikatishe."

Jino limeng'olewa. Nimerudi nyumbani, namuwaza yule bibi. Hakumroga mtu.

Jamani, kwenu nani alifukuzwa kwa sababu ya jino?